Shahada ya kuendesha hospitali: ina hela?

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi. Wanajua niliwahi kuwa katibu wa afya, na mtoto wao amepata alama ambazo hazimfikishi kwenye udaktari ilhali moyo wake bado uko hospitalini. Swali huja karibu kwa maneno yaleyale: "Kaka, hii kozi ya uongozi wa huduma za afya ina hela?" Zamani nilikuwa nawapa moyo tu, nikisema sekta ya afya haikosi kazi. Siku hizi namwambia mzazi achukue kalamu na karatasi tuandike pamoja. Wengine hukata simu kabla hatujafika mstari wa tatu.

Kozi yenyewe ina majina mengi: uongozi wa mifumo ya afya, usimamizi wa huduma za afya, utawala wa hospitali. Inayofahamika zaidi Tanzania hutolewa Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, kile ambacho kabla ya kuwa chuo kikuu kiliitwa IDM (Institute of Development Management) na kilikuwa kikiandaa mameneja wa serikali tangu 1972. Mwanafunzi husoma utumishi, fedha, ugavi, sera, takwimu za afya na sheria kidogo. Akiajiriwa serikalini anaingia kama katibu wa afya daraja la pili, na kazi zake ni kila kitu ambacho daktari hataki kukigusa: likizo za watumishi, mafuta ya gari la wagonjwa, mlinzi aliyelala zamuni, mkataba wa mzabuni wa chakula, choo cha wodi ya wazazi kilichoziba, barua ya ndugu wa marehemu anayelalamika.

Kabla ya kalamu, niondoe kwanza kitu kinachoharibu hesabu za vijana wengi, yaani takwimu za Marekani. Ukitafuta kwenye simu kama shahada hii inalipa, majibu mengi yanayokuja ni ya huko. Idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo ilionyesha kwamba Mei 2023, ukiwapanga mameneja wote wa huduma za afya kwa mshahara, yule wa katikati kabisa alikuwa akilipwa dola 110,680 kwa mwaka. Namba hiyo ni ya kweli, na ndiyo hatari yake. Kijana wa Kahama anaizidisha kwa shilingi, anaona ndoto, anajaza fomu. Hajui kwamba wamo wengi kati ya hao walioanza kama wauguzi na wakapanda kwa miaka mingi. Hajui pia kwamba hospitali moja ya Marekani inashughulika na makampuni kadha wa kadha ya bima, kila moja na masharti yake na fomu zake, na kwamba huo msitu wa malipo ndio unaozaa ajira za watu wa ofisini. Masomo ya uzamili ya uongozi wa hospitali yalianzia huko, Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1934. Wenzetu wana miaka zaidi ya 90 ya kuzoea wazo kwamba hospitali inaweza kuongozwa na mtu ambaye hajawahi kushika kisu cha upasuaji.

Historia yetu ni fupi, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini nafasi ni chache. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali za kibiashara. Zikabaki za umma na za mashirika ya dini. Matibabu ya umma yalikuwa bure. Hospitali ya wilaya ilipokea dawa, ikazigawa, zikiisha ikaomba nyingine. Fedha hazikupita dirishani, kwa hiyo karani na mtunza stoo walitosha. Marufuku hiyo iliondolewa 1991. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, mgonjwa akaanza kutoa cha kwake. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ikatungwa 1999, na mfuko ukaanza kazi 2001. Halafu kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya ikaanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati ya kijijini, badala ya kuishia halmashauri.

Fuata tarehe hizo vizuri. Katibu wa afya tunayemjua leo ameletwa na pesa, hatua kwa hatua, kadiri zilivyoingia hospitalini. Mwanafunzi anayedhani anasomea afya amekosea mlango. Huku wanasomea fedha za afya na watu wanaozitumia. Nimeona wahitimu wakigundua hilo baada ya miaka 3 ya kumeza nadharia za uongozi, wakati deni limeshaiva.

Sasa kalamu. Tufanye ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, tukijua viko vyuo vinavyozidi hapo. Kwa miaka 3 ni 3,900,000. Fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, tuiweke shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo inafika 2,400,000 kwa mwaka, na 7,200,000 kwa miaka 3. Jumla ni 11,100,000, kabla ya vitabu, mafunzo kwa vitendo na nauli za kwenda nyumbani. Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo anatoka chuoni na deni hilo. Aliyesomeshwa na baba yake hana deni kwenye karatasi, lakini zizi la nyumbani limepungua.

Akibahatika kuajiriwa na serikali, chukulia kwa mfano mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, unakata 5%, yaani 45,000. Bima ya afya 3%, yaani 27,000. Kodi hupigwa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo tunashughulika na 855,000: shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata zinalipiwa 8%, nyingine 240,000 zinalipiwa 20%, na 95,000 zilizobaki 25%. Kodi yote ni 91,750. Bodi ya Mikopo inachukua 15% ya mshahara wa msingi, 135,000. Kinachoingia mkononi ni 601,250, na chama cha wafanyakazi bado hakijachukua chake. Kwa makato hayo, kama mshahara haupandi, deni la 11,100,000 linaisha baada ya miezi 82 na siku chache. Karibu miaka 7. Mambo yalikuwa mabaya zaidi kabla ya 2021, mwaka ambao tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Enzi hizo deni lilikuwa likinenepa mtu akiwa bado anazunguka na bahasha ya vyeti.

Ukiitazama peke yake, hesabu hiyo haitishi. Miaka 7 ya kulipa deni ndani ya utumishi wa miaka 30 na zaidi inavumilika, na shilingi 601,250 zinazoingia kila mwezi bila kukosa, kwenye mji kama Singida au Songea, zinamweka mtu mahali pa heshima. Mzazi akifika hapa huanza kuchangamka. Ndipo ninapomrudisha kwenye neno nililolipita haraka: akibahatika.

Halmashauri za Tanzania Bara ni 184. Kila moja ina timu ya uendeshaji wa huduma za afya, na ndani ya timu hiyo kuna kiti cha katibu wa afya. Mikoa ni 26, nayo ina timu zake. Ongeza hospitali za wilaya, za rufaa za mikoa, za kanda, na hospitali teule za mashirika ya dini. Hesabu kwa ukarimu unavyotaka, bado ni viti unavyoweza kuvitaja, na mtu akishakalia kimoja hukikalia hadi nywele ziwe nyeupe. Zahanati ziko kwa maelfu lakini hazina katibu wa afya; mfawidhi wa pale, mara nyingi tabibu au muuguzi, hutibu asubuhi na kuandika hesabu za kituo jioni. Soma tangazo lolote kubwa la ajira za kada za afya. Wauguzi na matabibu wanatafutwa kwa mamia. Katibu wa afya, akitajwa, ana mstari wake mmoja chini huko.

Gharama ya kusubiri ndiyo ambayo wazazi hawaiandiki. Mfikirie binti wa jirani aliyesomea stashahada ya utabibu kwa miaka 3 hiyohiyo. Naye anaweza kukaa bila ajira ya serikali. Lakini akiwa anasubiri atashika zamu za usiku kwenye zahanati ya mtaani Mbagala, atamshikia mtu likizo, atalipwa kwa siku. Katibu wa afya asiye na ajira hana zamu ya kushika. Hakuna mwenye zahanati anayepiga simu saa 2 usiku akisema njoo unisaidie kuandika bajeti. Huyu wetu ataishia "kujitolea" kwenye ofisi fulani kwa nauli, mwaka wa kwanza, wa pili, na kila mwaka unaopita unapunguza thamani ya cheti ambacho hakijatumika.

Halafu kuna mahali ngazi inapokatikia. Mganga mfawidhi wa hospitali ni daktari. Mganga mkuu wa wilaya ni daktari, wa mkoa ni daktari, Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari. Katibu wa afya anawaandalia vikao, anaandika mpango, anaandika bajeti, halafu saini inayotambulika ni ya mwingine. Nilifanya kazi chini ya mfawidhi kijana, mpasuaji hodari, aliyekuwa akisaini makadirio yangu bila kufungua ukurasa wa pili. Posho ya madaraka ilikuwa yake. Lawama za mkaguzi tuligawana. Wakati ule nilikasirika. Leo namwelewa: hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma bajeti, na mimi sikuwahi kujifunza kuongea naye kwa lugha ya wodi. Tulikuwa watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi.

Basi hela iko wapi? Naijibu kwa kisa. Hospitali moja iliniita niisaidie kwa sababu ilikuwa inashindwa kulipa mishahara ya watumishi wa mkataba. Siku ya pili nilikuta chini ya meza ya karani boksi la madai ya bima yaliyorudishwa. Moja halikuwa na sahihi ya daktari. Jingine lilikuwa na ugonjwa usioendana na dawa zilizoandikwa. Jingine lilidai kipimo ambacho hospitali ya ngazi ile hairuhusiwi kulipwa. Mgonjwa alishatibiwa, dawa zilishatumika, mtaalamu alishafanya kazi yake, na jasho lote hilo lilikuwa limelala kwenye boksi la katoni lililoandikwa jina la sabuni. Madaktari walidhani ni kazi ya mhasibu. Mhasibu alidhani ni ya daktari. Karani alidhani ni karatasi za kufungia maandazi.

Weka namba za mfano. Hospitali inadai bima shilingi milioni 200 kwa mwezi, na 8% inakataliwa. Hiyo ni milioni 16 kila mwezi. Akija mtu akazishusha hadi 3%, zinazopotea ni milioni 6. Ameokoa milioni 10 kwa mwezi, milioni 120 kwa mwaka. Mtu huyo akiomba mshahara wa milioni 2, mwenye hospitali akili zikiwa timamu hatauliza cheti kimetoka chuo gani. Hapa ndipo fani hii inapolipa kweli, na inalipa kwa kiasi cha pesa unachoweza kuonyesha umeokoa au umeingiza. Cheo mlangoni hakiongezi kitu.

Shida ni kwamba ujuzi huo haufundishwi kwa uzito unaostahili. Nimewahoji wahitimu wengi kwa ajili ya nafasi za aina hii. Watakutajia nadharia tano za kuwapa motisha wafanyakazi. Ukiwapa fomu ya madai, wanaigeuzageuza kama mgeni aliyepewa menyu ya Kichina. Kitita cha mafao, ile orodha ya huduma na bei zinazolipwa na bima, hawajawahi kukifungua. Ukimwambia akokotoe gharama halisi ya kumlaza mtoto mwenye nimonia siku 3, anaomba muda akaulize.

Machi 2024 tuliona bei ya upungufu huo. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, zikisema bei mpya haziendani na gharama. Wagonjwa wakahangaika na kadi zao mikononi. Ondoa siasa na makelele, utabakiwa na swali la kihasibu: upasuaji wa kujifungua unagharimu kiasi gani hasa, ukihesabu uzi, dawa ya usingizi, mafuta ya jenereta, muda wa muuguzi na vyuma vinavyochakaa? Anayeweza kulijibu swali hilo kwa karatasi isiyotikisika anahitajika pande zote za meza, kwenye mfuko, hospitalini na wizarani.

Ndiyo maana jibu langu hubadilika kufuatana na anayeuliza. Akipiga muuguzi mwenye miaka 8 wodini, au mhasibu wa hospitali, au mteknolojia wa maabara anayesimamia wenzake, namwambia asome, tena asichelewe. Ana mshahara wakati anasoma, hasa akipata programu ya jioni au ya wikiendi. Anajua faili la mgonjwa linavyosomeka. Makampuni ya bima humpenda mtu wa aina hiyo kwa kuhakiki madai, kwa sababu anaona mara moja kwamba dripu 12 kwa siku 2 ni uongo. Gharama yake ni ada tu, na inaweza kurudi ndani ya miaka 2 au 3. Namwonya jambo moja: aende kwanza kwa afisa utumishi aulize kama shahada hiyo itampandisha ndani ya kada yake au itamhamisha kada. Nimeona mtu aliyerudi na shahada ya uzamili akakuta cheo kipya kinaanzia chini ya alipokuwa amefika.

Akipiga mzazi wa kijana wa kidato cha sita asiye na ujuzi mwingine wowote, nasema nisivyopenda kusema: kwa sasa, kama shahada ya kwanza, ni kamari. Si kozi mbaya. Walimu wake wengi nawaheshimu na baadhi ya makatibu wa afya bora niliowajua walipitia njia hiyo hiyo. Lakini kwa fedha ileile na miaka ileile, uuguzi au uhasibu unampa mahali pa kusimama huku akingoja, na uongozi anaweza kuuongeza baadaye. Kama kijana mwenyewe ameshikilia, basi asiende mikono mitupu: likizo ya mwaka wa kwanza akakae kwenye dirisha la bima la hospitali yoyote itakayomkubali, ajifunze mfumo wa kompyuta wa pale, ajifunze jedwali la hesabu mpaka liwe mchezo, ajue kwa nini dai linarudi. Akifanya hivyo likizo mbili, atatoka chuoni na kitu cha kuuza.

Kenya hali ina sura yake. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024, na kila mabadiliko ya mlipaji huleta mrundikano wa madai yanayohitaji mtu wa kuyafuatilia. Kwa hiyo mahitaji yapo, pengine kuliko kwetu. Lakini nako kiti cha juu hospitalini hukaliwa na daktari, na kaunti isiyolipa kwa wakati hailipi katibu wala daktari.

Nilegeze msimamo kidogo kuhusu kesho. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Siku kila kaya itakapokuwa na kadi, hata zahanati ya kijiji itakuwa na madai ya kuandika na fedha za kufuatilia, na tabibu mmoja hatamudu kutibu na kudai kwa pamoja. Huenda tukaona katibu mmoja akihudumia zahanati tano kwa pikipiki, ningefurahi. Inawezekana vilevile kwamba kompyuta itakagua yale madai mepesi na kuwaachia binadamu yaliyo magumu tu, na hayo magumu yanamtaka mtu anayejua tiba. Kwa vyovyote vile, mtoto wa mtu asikopeshwe milioni 11 kwa kutegemea sheria ambayo utekelezaji wake unakuja kwa hatua.

Nina ombi kwa vyuo vyote vinavyotoa kozi hii, vya umma na vya binafsi. Bandikeni kila mwaka, pembeni ya orodha ya ada, idadi ya waliohitimu miaka 2 iliyopita: wangapi wameajiriwa serikalini, wangapi sekta binafsi, wangapi bado wanajitolea. Vyuo vinawafahamu wahitimu wake. Simu zao vinazo. Na wewe mzazi unayenipigia Julai ijayo, ukifika ofisi ya udahili, iulizie orodha hiyo kabla hujalipa awamu ya kwanza.